Nati ya Chini ya Sinki

Skola mwanangu,

Watu huanza barua kwa kusema wao ni wazima, hofu ni kwako tu uliye mbali. Mimi si mzima. Goti la kulia limevimba, shingo haigeuki, na mkono unaoandika haya unanuka mafuta ya taa. Wewe nawe hauko mbali, uko Nkowe kumuaga bibi yako, na jioni utarudi. Hofu yangu ni hiyo jioni. Utapita hapo mlangoni, utanipa ile shikamoo kavu uliyonipa jana na juzi, utaingia kufunga sanduku lako, na kesho alfajiri lori litakuchukua kwenda kusomea unesi. Ndiyo maana nimekaa jikoni mchana huu, mtu mzima na akili zangu, namwandikia barua binti ninayelala naye nyumba moja.

Mambo ya safari sitayagusa. Mama yako ameyasema mpaka kuku wameyashika: usikae nyuma ya lori, usile vya njiani, shuka lako usimwazime mtu. Sina cha kuongeza. Mimi nina neno la sinki.

Usigune. Najua umechoka na sinki hili, nami limenichosha kukushinda. Nani mwingine Ruangwa hii ana sinki la kauri jikoni, na bomba la maji hana? Maji tunachota kisimani, tunamimina kwa ndoo, yanatoka ukutani yanakwenda kunywesha migomba. Jirani zetu wakija hulichungulia, wanamuuliza mama yako kama humo ndimo tunamobatizia watoto. Nimelibeba kwa baiskeli kutoka Nachingwea, nimelijengea meza ya matofali, na tangu siku ile halijanipa hata wiki moja ya raha.

Sasa kile kichujio chake, kile kisahani cha shaba chenye matundu kinachozuia takataka pale maji yanapotokea, kimekwisha kuliwa. Maganda ya mizizi ya ming'oko yanapita yanakwenda kuziba bomba la kutolea maji, na mwenye kulizibua kwa kijiti ni wewe. Mama yako ameanza kunung'unika tangu msimu wa korosho: Skola akiondoka, nani atazibua? Kichujio kipya ninacho, nilikihifadhi kwenye gunia miaka yote. Nikasema nitakibadilisha kabla hujaondoka. Niliona ni kazi ya asubuhi moja.

Juzi unaijua, ulikuwepo, lakini nataka nikuandikie jinsi ninavyoikumbuka mimi, uone kama tunakumbuka kitu kimoja. Ile nati kubwa ya chini, inayokibana kichujio kwenye sinki, ilikuwa imeshikana kwa kutu. Niliilaza na mafuta ya taa siku mbili. Kazi yenyewe inataka watu wawili, kwa sababu nati ikigeuzwa chini, kichujio nacho huzunguka juu, mtazunguka nacho mpaka jua litue. Mmoja akishike juu, mmoja ageuze chini. Mimi kwa goti hili siwezi kujikunja humo, ukaingia wewe na spana. Nikachomeka nondo kwenye kichujio, nikashika, nikakuonyesha kwa mkono: geuza hivi.

Ukasema, "Baba, huko kunakaza."

Nikasema, "Geuza."

Ukageuza kidogo, ukaacha. "Baba, mimi niko chini. Mkono wako unaonyesha vya huko juu."

Hapo ndipo nikauliza, "Nani fundi hapa?" Na kama hilo halikutosha, nikakwambia utoe mikono yako humo ukapepete karanga, na kwamba ukiwajibu masista hivyo hospitalini watakurudisha na lori lile lile lililokupeleka. Uliilaza spana chini taratibu, ukafuta mikono, ukatoka. Laiti ungeitupa. Mtu akitupa spana unapata la kusema.

Leo asubuhi, mama yako alipokwenda shambani, niliibana ile nondo kwa kinu chake, usimwambie, nikajisukuma chini ya sinki kwa mgongo, nikiguna kila pumzi. Nikageuza nati ulivyosema wewe. Mara ya kwanza kimya. Mara ya pili ikalia. Mara ya tatu ikaachia, kutu yote ikanimwagikia machoni.

Nililala pale muda mrefu, mwanangu. Nilikasirika. Sitakudanganya, kwanza nilikukasirikia wewe kwa kuwa ulikuwa na haki. Halafu nikajikasirikia mwenyewe, maana njia ile naijua. Naijua karibu miaka kumi. Nimelala chini ya sinki hili hili zamani, na mtu akasimama juu akanionyesha upande usio wenyewe, nami nilijua kuwa sio wenyewe. Ile hadithi hujawahi kuisikia. Mama yako hajaisikia. Bibi yako uliyekwenda kumuaga ndiye aliyestahili kuisikia wa kwanza, na nimekuwa nikimkwepa.

Unamkumbuka babu yako Kasiani, marehemu, mjomba wa mama yako. Mama yako alilelewa na yeye, na kwake ndiko nilikokwenda kuposa, kwa hiyo kwangu alikuwa mkwe. Wakati wazungu wa mradi wa karanga walipojaa Nachingwea, wanang'oa miti kwa minyororo na kujenga nyumba za mabati safu kwa safu, yeye ndiye aliyekuwa fundi bomba wetu wa kwanza. Mimi nilikuwa na jembe na mke na wewe mtoto wa miaka saba, hata kuivaa kaptula ya kazi sikujua. Akaniita kupitia kwa shangazi yako, "Mwambieni yule aje, nitamfundisha." Kila alichonifundisha kinatulisha mpaka leo. Ada yako ya shule ilitoka kwenye spana zake.

Lakini alikuwa mkwe. Wewe umesoma kwa masista na hayo mnayaona mambo ya kale, mimi ndivyo nilivyolelewa: mkwe humtazami usoni, humpingi, na neno zito humwambii moja kwa moja. Unalisema kwa mtu aliye kando, mkwe anasikia, anajibu naye kwa mtu huyo huyo. Kazini tulikuwa watatu, mimi, yeye na Saidi wa Likunja mchanganya saruji. Saidi alikuwa ulimi wetu. "Saidi, mwambie mkwe wangu bomba hili fupi." "Saidi, mwambie huyu naliona." Wazungu walidhani Mzee Kasiani ni kiziwi. Tulifanya kazi hivyo karibu miaka miwili, na hapakuwa na tatizo maana Saidi hakukosekana.

Siku aliyokosekana alikuwa na homa. Tukaitwa nyumba ya bwana mmoja, kichujio cha sinki lake kimeziba na kukwama, na mke wake ana wageni jioni. Mkwe akasimama juu na nondo. Mimi nikaingia chini na spana kubwa. Akanionyesha kwa mkono, akiushusha ukingoni nipate kuuona. Mkono ulikuwa unazunguka vile mtu anavyofungua kifuniko cha chupa, na ulikuwa sawasawa kabisa kwa mtu aliye juu ya chupa. Mimi nilikuwa chini ya chupa. Nilijua. Wiki ile ile nilikuwa nimefungua nati kama hiyo kwenye meza ya karakana, nikaigeuzageuza mpaka nikaielewa: ukiwa chini yake, kushoto kwako ndiko inakofunguka, na mtu wa juu yeye anaona kulia.

Sasa nimwambie nani? Jikoni mle tulikuwa wawili, na ndoo.

Nilikaza. Nilimtii mkwe wangu, nikakaza, naye juu akaona haisogei, akasema kwa sauti, akiusemesha ukuta, "Huyu hana nguvu leo?" Nikakaza zaidi. Nilisikia kauri ikilia mlio mwembamba, na bado niligeuza, kwa sababu mkono wake ulikuwa bado unazunguka. Halafu akaona labda nyundo itasaidia, akaigonga ile nondo mara moja tu. Sinki likapasuka kutoka tundu mpaka ukingo.

Ule mstari mweusi kwenye sinki letu, Skola. Ulipokuwa mdogo uliniuliza umetoka wapi nikakwambia sinki lilikuja nao kutoka kiwandani. Halikuja nao. Ule ni ufa, niliuziba mwenyewe kwa saruji, na kila nikinawa mikono nauona.

Yule bwana hakupiga kelele. Aliuliza fundi mkubwa ni nani, mkwe akasema ni yeye. Kesho yake msimamizi akamwambia arudishe spana, na mimi nikaambiwa nichukue nafasi yake, maana mimi nilikuwa msaidizi, nilikuwa nafuata amri tu. Hivyo ndivyo nilivyopata cheo. Watu wa kwetu walinipongeza. Na lile sinki lilipotupwa nje na takataka nikaomba nipewe. Wakacheka, wakanipa. Hata leo siwezi kukueleza vizuri kwa nini. Nilishindwa kuliacha pale barabarani likitazamwa na kila mtu.

Babu yako akarudi kulima Nambilanje. Alikuwa na mikono ya bomba, jembe lilimchubua kama mtoto. Sikwenda kumwona msimu mzima, nikijifanya kazi nyingi. Nilipokwenda, tulikaa barazani, mimi, yeye, na mkewe, bibi yako huyu aliye Nkowe sasa, katikati. Halafu akamwambia bibi yako, "Muulize. Siku ile, alijua?"

Bibi yako akanigeukia. "Unaulizwa, siku ile ulijua?"

Nikasema, "Mwambie sikujua."

Babu yako akaitikia kwa kichwa, akashukuru. Akasema, "Basi mwambie ni kosa langu, nilifundisha vibaya." Baada ya hapo akawa ananichangamkia kama zamani, akanipa hata mbegu za ufuta. Alikufa akiamini alinifundisha vibaya. Mzee yule aliyenifundisha kila kitu.

Kwa miaka mingi nilijiambia ile ilikuwa heshima. Nilimheshimu mkwe wangu, nikamtii mpaka mwisho, nani atanilaumu? Siku hizi siwezi tena kujiambia hivyo. Ningemheshimu kweli, nisingemwacha avunje sinki la mtu mbele yangu na mimi najua. Nilichokiheshimu ni raha yangu, nisionekane mkwe mkorofi. Na kinachoniudhi zaidi, Skola, kinachonifanya nitamani kuchukua nyundo nilimalize hili sinki, ni jinsi ilivyokuwa rahisi. Ndoo ilikuwepo. Ningesema, "Ewe ndoo, mwambie mkwe wangu huku chini mambo yamegeuka." Angecheka. Alikuwa mtu wa kucheka yule. Angesema, "Ndoo, mwambie basi ageuze anavyoona." Tungemaliza kabla ya saa nne na angezeeka na spana zake mkononi. Neno moja kwa ndoo, likanishinda.

Na juzi nikawa mimi niko juu. Sijui nikueleze vipi. Mtu anayeujua ufa ule kuliko mtu yeyote, amesimama palepale, ameshika nondo ile ile, mkono wake unazunguka kama ule ule, na anapoambiwa ukweli anauliza nani fundi. Nilipokuwa chini nilijua kila kitu. Nilipokaa juu tu, nikasahau kuwa kuna chini. Mimi nilidhani somo hilo nimelilipia nikalimaliza.

Ungenitii, ufa ule ungefunguka tena. Saruji yangu isingestahimili. Leo hii mama yako angekuwa anaoshea vyombo uani, nami ningekuwa nakulaumu wewe kwamba ulikaza sana. Najijua. Ningekulaumu, na wewe ungenyamaza kwa adabu, na kesho ungeondoka umebeba kosa langu kwenye sanduku pamoja na lile shuka. Hukunitii, na sinki liko zima. Nililitazama asubuhi nikaona aibu.

Kazi ya unesi siijui. Sitajidai kukufundisha jinsi ya kumshika mgonjwa, nami nikiona damu nakaa chini. Ila najua huko uendako kutakuwa na mtu wa juu na mtu wa chini, na miaka ya mwanzo utakuwa chini. Yuko mkubwa wako atakayekuonyesha kwa mkono, naye ni mtu mwema, amekufundisha mengi, na siku hiyo mkono wake utakuwa umekosea. Hapo patakuwa na mtu amelala kitandani. Sinki lilipasuka nikaliziba kwa saruji. Mtu sijui anazibwa kwa kitu gani.

Niliyokutisha nayo juzi, kwamba watakurudisha na lori ukiwajibu, yafute. Wakikurudisha kwa sababu hiyo, panda hilo lori na sanduku lako urudi, nitakupokea njia panda mimi mwenyewe na kuku mkononi. Ukirudi kwa sababu ulijua ukanyamaza, nitakupokea vilevile, wewe ni mwanangu, lakini tutakuwa wawili humu ndani tunaonawa mikono bila kutazama sinki, na mmoja anatosha.

Ukiona vigumu kumwambia mkubwa usoni, mimi nimekulea, najua adabu yako, hata juzi ulisema "Baba" kwanza kila mara. Tafuta ndoo. Iambie ndoo. Wodini hazikosekani. Watacheka, waache wacheke, ila wawe wamesikia.

Barua hii nayo ndiyo ndoo yangu. Siwezi kukwambia haya mdomo kwa mdomo. Nimejaribu jana ulipokuwa unapiga pasi, nikaishia kuuliza mkaa umebaki kiasi gani. Kwa bibi yako nitakwenda mwenyewe, Jumapili baada ya misa, na safari hii nitamgeukia yeye, sitahitaji mtu wa katikati. Nitamwambia nilijua. Akinifukuza, Nkowe si mbali kurudi kwa miguu.

Sasa kuhusu kichujio. Cha zamani nimekitoa, kiko dirishani, ukitaka ukitazame jinsi kilivyoliwa. Nimekwangua uchafu wote pale kwenye tundu. Kile kipya nimekilaza juu ya puti, chokaa iliyokandwa na mafuta. Safari hii sikuweka nta ya nyuki. Unakumbuka mwaka ule mama yako alipomwaga maji ya moto nta ikayeyuka tukaoga miguu sote. Chini nimeweka ringi ya mpira niliyoikata kutoka tyubu ya baiskeli. Nati nimeizungusha kwa vidole tu, mpaka ilipogusa. Hapo nimeacha, na maji bado hayajamiminwa.

Ningeweza kuimaliza kwa kinu cha mama yako. Sikutaka. Kazi hii ni ya watu wawili.

Barua nampa mama yako akupe ukishuka tu kwenye baiskeli, kabla hujaingia ndani. Mimi nitakuwa jikoni, nimeshika nondo. Spana iko chini, nimeilaza pale pale ulipoiacha. Usinisalimu kama hutaki, ingia tu chini, halafu sema upande.

Baba yako